Foleni Ndiyo Inayolipa: Mjadala Juu ya Gari la Haibridi

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo vijiwe vya madereva Dar es Salaam havina mada nyingine. Agosti 2022, miezi michache baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, lita ya petroli jijini ilifika shilingi 3,410, na hiyo ilikuwa bei iliyokwisha kupunguzwa na ruzuku ya serikali. Tangu hapo bei zimepanda na kushuka, lakini swali moja halijaondoka: wale walionunua haibridi kama Toyota Aqua na Prius waliona mbali, au walijinunulia betri itakayowatia hasara?

Swali hili kila mtu hulijibu akiitazama pochi yake. Kwa hiyo nimewaketisha watano meza moja. Yupo Dereva wa teksi mtandao, mwenye Aqua. Yupo Mzee, dereva wa miaka mingi, ambaye Toyota Ist yake ina mtungi wa gesi kwenye buti. Yupo Fundi wa umeme wa magari mwenye gereji Tabata. Yupo Mhasibu, dada mwenye magari mawili ya biashara anayepokea hesabu kila Jumapili. Na yupo Mwalimu wa jiografia, mama anayetafuta gari lake la kwanza. Majina yao usiyatafute: ni sauti nilizozitunga kutokana na hoja zinazosikika mtaani. Kazi yangu ni kugawa zamu, na mwishoni kutoa hukumu.

Mafuta ya kusimama

MWANDISHI: Tuanze na aliyekwisha kununua. Kijana, kwa nini uliiacha Ist?

DEREVA: Kwa sababu ya foleni. Asubuhi nachukua abiria Mbezi kwenda Posta. Kuanzia Kimara mpaka Ubungo gari linasogea kidogo, linasimama, linasogea tena, na injini ya Ist muda wote huo inanguruma na kunywa. Mafuta ninayochoma nikiwa nimesimama hakuna abiria anayenirudishia. Kwenye Aqua nikisimama injini inazimika yenyewe. Wapo abiria wanaoshtuka wakidhani gari limetuharibikia. Nawaambia watulie, tutafika.

MZEE: Na kiyoyozi kinazimika nayo, abiria anaoga jasho?

DEREVA: Hapana, mzee wangu. AC inapuliza kama kawaida.

FUNDI: Anasema kweli. Kompresa ya AC ya Aqua inazungushwa na umeme wa betri kubwa, haikufungwa mkanda kwenye injini kama ya Ist. Betri ikipungua, injini inajiwasha, inachaji kidogo, inazima tena.

MWALIMU: Fundi, mimi sijawahi hata kufungua boneti. Huo umeme unatoka wapi? Wanauchomeka nyumbani?

FUNDI: Haibridi hizi za kawaida huchomeki popote, Mwalimu. Zina injini ya petroli na mota za umeme, na umeme zinajitengenezea zenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni injini inapokuwa na nguvu ya ziada. Ya pili ni breki. Gari la kawaida ukikanyaga breki, nguvu ya mwendo wake inageuka joto kwenye pedi na diski, inapotea hewani. Kwenye haibridi mota inageuka jenereta: inalizuia gari, na papo hapo inaingiza umeme kwenye betri. Ndiyo maana hata pedi za breki hudumu. Sasa gari linalovuna kila linapofunga breki limeletwa kwenye jiji ambalo dereva anafunga breki tangu alfajiri.

MWANDISHI: Kwa hiyo siri yote ni mota?

FUNDI: Na injini yenyewe. Vali ya kuingiza hewa imepangwa ichelewe kufunga, ili mlipuko upanuke kwa kirefu kuliko hewa ilivyobanwa, na tone la petroli likamuliwe zaidi. Wataalamu huuita mzunguko wa Atkinson. Udhaifu wake ni kwamba injini ya namna hiyo ni nzito kuondoka. Hapo ndipo mota ya umeme inapoisaidia, kwa kuwa mota ina nguvu tangu gari likiwa limesimama.

MZEE: Na safari ndefu je? Maana nimesikia wanaosifia sana mpaka mtu anadhani gari linakwenda kwa upepo.

FUNDI: Safari ndefu faida inapungua. Ukienda Morogoro, kama kilomita 190, ukishazipita foleni za njiani unakwenda mwendo mmoja, breki hugusi mara nyingi, na injini inafanya kazi karibu muda wote. Bado haibridi itatumia kidogo kuliko gari la kawaida lenye injini ya ukubwa huo, lakini hutaiona ile tofauti ya mjini. Mteja anayefanya safari za mikoani kila wiki huwa namwambia asiniulize habari za Aqua kwa sababu ya mafuta.

Daftari la Mhasibu

MHASIBU: Sasa mniruhusu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Hizi ni namba za mfano, kila mtu aweke zake. Dereva wa teksi anakwenda kilomita 120 kwa siku, siku 25 za mwezi, jumla 3,000. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita. Ist kwenye foleni tuipe kilomita 12 kwa lita, Aqua tuipe 20.

DEREVA: Dada, matangazo ya Japani yalisema zaidi ya 35!

MHASIBU: Yale ni majaribio ya maabara. Hakuna aliyelipima gari lile Buguruni saa kumi na moja jioni. Tubaki na 20. Ist itakunywa lita 250, sawa na 750,000 kwa mwezi. Aqua lita 150, sawa na 450,000. Tofauti ni 300,000 kila mwezi.

MZEE: Na bei ya kununulia?

MHASIBU: Tuseme Aqua imeizidi Ist kwa milioni 4 mpaka inatoka bandarini. Ukitazama mafuta peke yake, dereva anairudisha ndani ya miezi 14. Lakini sitazami mafuta peke yake. Kila mwezi natenga 70,000 ya betri, kwenye akaunti ambayo siigusi kwa harusi wala msiba. Kwa miaka mitatu inakuwa 2,520,000. Kwa hiyo faida halisi ni 230,000 kwa mwezi, na ile milioni 4 inarudi baada ya kama miezi 18. Baada ya hapo ndiyo naanza kula.

MWALIMU: Na mimi? Nyumbani Goba, shule Sinza, Jumapili kanisani. Tuseme kilomita 600 kwa mwezi.

MHASIBU: Ist itakunywa lita 50, sawa na 150,000. Aqua lita 30, sawa na 90,000. Umeokoa 60,000. Ukitenga 70,000 ya betri, umekwisha pungukiwa 10,000 kila mwezi, na ile milioni 4 hujaigusa.

MWALIMU: Kwa hiyo gari la kubana matumizi linamfaa mwenye matumizi makubwa?

MHASIBU: Kabisa. Asiyetumia sana hana cha kubana.

FUNDI: Niongeze hapo. Betri haizeeki kwa kilomita tu, inazeeka kwa miaka na kwa joto pia. Gari la Mwalimu likilala juani uani, betri yake inaendelea kuzeeka ingawa mafuta hayajaokolewa. Dereva anaipa kazi, kwa hiyo inamlipa kabla haijachoka.

MWALIMU: Haya, nimewasikia. Lakini niwaulize. Jirani yangu ana gari la V8, analiendesha kwenda dukani. Hakuna aliyewahi kumkalisha na kumpigia hesabu ya kilomita. Mbona sisi wa Aqua ndio tunaotakiwa kujieleza? Mimi nataka gari tulivu. Nikisimama kwenye mataa nisikie redio na mawazo yangu. Hiyo nayo ni sababu ya kununua.

MHASIBU: Ni sababu halali, mama. Raha inanunuliwa kama kitu kingine chochote. Ninachokataa ni kuiandika kwenye safu ya akiba.

Mzee anatoa mtungi

MZEE: Mmehesabu Ist ya petroli. Yangu inakunywa gesi. Kilo moja imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550, na inanipeleka mbali kuliko lita ya petroli. Mhasibu aandike kilomita 16 kwa kilo.

MHASIBU: Kilomita 3,000 kwa 16 ni kilo 188. Mara 1,550, ni kama 291,000.

MZEE: Kijana anatumia 450,000, mimi 291,000. Na sikununua gari jingine, nilifunga mfumo kwa kama milioni 2 kwenye gari langu lile lile. Gesi yenyewe ni ya kwetu. Ya Songo Songo kule Kilwa inakuja Dar kwa bomba tangu 2004. Haingoji meli, haingoji vita vya watu. Sasa nielezwe kwa nini nimnunulie Mjapani betri yake iliyochoka.

MWANDISHI: Mhasibu, unampinga?

MHASIBU: Kwa shilingi za kituoni siwezi kumpinga. Gesi ni rahisi kuliko haibridi.

DEREVA: Mzee wangu, heshima yako. Lakini mara ya mwisho kujaza gesi ulikwenda saa ngapi?

MZEE: Saa tisa usiku.

DEREVA: Na ukaondoka?

MZEE: Kumepambazuka.

DEREVA: Ndiyo hoja yangu. Mimi kujaza petroli sichelewi hata abiria akiwa ndani. Halafu buti. Abiria wa uwanja wa ndege akija na mabegi matatu, wewe una mtungi, unampigia simu mwenzako aje kumchukua. Na vituo vingi vya gesi viko hapa Dar es Salaam. Ukipata safari ya Tanga, unarudi kwenye petroli, kilomita 12 zako kwa lita.

MZEE: Vituo vinaongezeka. Shirika la petroli la taifa, TPDC, wanajenga, na watu binafsi wanajenga.

DEREVA: Vikienea nitakuja kukuomba unionyeshe fundi wako. Kwa sasa muda wangu una bei.

MHASIBU: Basi tuupe bei huo muda. Mtungi wa Mzee unabeba kama kilo 10, kwa hiyo anajaza mara 19 kwa mwezi. Kijana gharama yake ni 450,000 za petroli na 70,000 za betri, jumla 520,000. Mzee 291,000. Mzee yuko mbele kwa 229,000. Gawa kwa mara 19, inakuja kama 12,000. Maana yake, ikiwa kila foleni ya gesi inamkosesha Mzee safari za chini ya 12,000, gesi imeshinda. Ikimkosesha zaidi, haibridi imeshinda.

MZEE: Hiyo nimeikubali. Nikijaza usiku wa manane sipotezi abiria, napoteza usingizi.

MHASIBU: Usingizi sikuuwekea bei. Ungeuwekea wewe.

Sera ya Tokyo, bandari ya Dar

Hapa naomba niingilie, kwa sababu kuna swali ambalo hakuna mezani aliyeliuliza: haya magari yamejaaje hapa? Dereva wa Dar hakuyachagua kati ya magari yote ya dunia. Amechagua kati ya yale yaliyofika bandarini kwa bei anayoimudu, na orodha hiyo iliandikwa Japani.

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, ikiwa ndiyo haibridi ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Kwa miaka mingi lilikuwa gari la watu wachache. Mwaka 2009 serikali ya Japani ilipunguza kodi za magari yenye matumizi madogo ya mafuta na kutoa ruzuku kwa wanunuzi. Mwaka huo huo Prius ikaongoza kwa mauzo nchini humo. Aqua ikaingia sokoni Desemba 2011, injini yake ikiwa ya sentimita za ujazo 1,496, nayo ikaja kuongoza mauzo kwa miaka kadhaa. Mjapani analazimika kulipeleka gari lake kwenye ukaguzi wa gharama kubwa linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Wengi huona heri waliuze. Gari linakwenda mnadani, na kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko tayari kwa barabara zetu.

Kutoka hapo sera zetu nazo zinachagua. Tanzania inaruhusu gari la zamani lakini inalitoza: lenye umri wa miaka 8 hadi 10 limekuwa likiongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30; ndio ushuru wa uchakavu. Kenya imefunga mlango kabisa kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Ndiyo maana mnunuzi wa Nairobi akipokea Aqua iliyotoka melini, anapokea betri yenye umri mdogo, na mnunuzi wa Dar anayefuata bei ya chini anaweza kulipa asilimia 30 ya ziada juu ya gari ambalo betri yake imekwisha kumaliza sehemu kubwa ya maisha yake. Anayesema haibridi zote ni mbovu na anayesema zote ni nzuri wanazungumzia magari ya umri tofauti.

Betri yenyewe

MWANDISHI: Fundi, hofu ya watu ni betri. Wanaogopa kitu cha kweli?

FUNDI: Ni cha kweli, lakini wengi wanaogopa mahali pasipostahili. Nianze na kichekesho. Haibridi ina betri mbili: ile kubwa, na ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ndogo ikifa, gari haliwaki kabisa. Watu wamevutwa mpaka gereji wakilia kwamba betri ya mamilioni imekufa, kumbe ni ndogo, unanunua, unafunga, anaondoka.

MZEE: Na kubwa?

FUNDI: Kubwa ya Aqua ya kwanza iko chini ya kiti cha nyuma. Ni ya nikeli, ina vipande 20 vilivyoungwa mfululizo, jumla volti 144. Adui yake ni joto. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Sasa ninyi mnakaa kwenye mitaa ya vumbi, mnashusha vioo, abiria anaegemeza mfuko wake pale pale kwenye tundu. Feni inaziba, betri inachemka, na baada ya miaka miwili mnasema Mjapani amewadanganya.

DEREVA: Hilo la tundu mimi niliambiwa na dereva mwenzangu. Nalisafisha kila mwezi.

FUNDI: Ndiyo maana gari lako bado liko barabarani. Kipande kimoja kikidhoofika kinawavuta wenzake wote, na taa inawaka kwenye dashibodi. Wapo mafundi wanaotoa hicho kimoja na kuweka kingine kutoka betri kuukuu. Gari litakwenda, lakini vipande vya umri tofauti havikai pamoja muda mrefu, utarudi. Ukiweza, nunua betri nzima iliyopimwa, na uandikiwe dhamana.

MHASIBU: Na gereji yoyote inaweza?

FUNDI: La hasha. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari zina umeme wa kuua. Fundi asiyeanza kwa kuchomoa plagi ya usalama ya betri mwondoe kwenye gari lako, hata kama ni shemeji yako.

MWALIMU: Kwa hiyo haibridi yoyote ya Japani nikiitunza hivyo itanifaa?

FUNDI: Hapo watu wanaumia. Haibridi nyingi za Toyota hazina gia za kubadilika. Mota na injini zinaunganishwa na seti ya meno ambayo haichoki haraka. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina gia boksi yenye klachi mbili, na Honda wenyewe waliyaita magari hayo yarudi mara kadhaa kati ya 2013 na 2014. Nissan Note ya e-Power injini yake kazi yake ni kuzalisha umeme tu, magurudumu yanazungushwa na mota peke yake. Halafu kuna Suzuki zenye mota ndogo ya kusaidia kuondoka. Dalali atakuandikia haibridi, na ni kweli, lakini usitegemee akiba ya Aqua. Neno lililoandikwa kwenye buti halitoshi. Uliza mfumo gani.

Moshi na taka

MWALIMU: Hakuna aliyetaja hewa. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kijana anaokoa lita 100 kwa mwezi, maana yake kilo 230 haziendi angani. Na pale Kariakoo, mama anayeuza ndizi kando ya foleni hapuliziwi moshi na gari lililosimama.

MZEE: Gesi nayo ni safi kuliko petroli.

MWALIMU: Ni kweli, mzee, sikuinyima sifa hiyo. Lakini nina wasiwasi mmoja, na mfano wake uko Mongolia. Mji wa Ulaanbaatar umejaa Prius za mtumba kutoka Japani. Serikali yao ililegeza kodi za haibridi, na watu wakazipenda kwa sababu zinawaka hata kwenye baridi kali. Miaka ikapita, swali likawa betri zilizokufa ziende wapi. Fundi, zako ziko wapi?

FUNDI: Zipo nyuma ya gereji, chini ya turubai. Vipande vizima navitenga kwa matumizi mengine. Vilivyokufa nasubiri mnunuzi, maana nikeli ina thamani. Wanunuzi wa chuma chakavu wengine wanakuja, wanataka kuvipasua kwa nyundo. Hao siwauzii.

MWALIMU: Kwa hiyo tunapokea gari baada ya Mjapani kufaidi miaka yake mizuri, na mwisho wake tunauzika sisi.

MHASIBU: Na gharama hiyo haipo kwenye daftari langu wala la kijana. Aliyeagiza gari amelipa ushuru wa uchakavu, lakini gereji ya Tabata haijaona hata senti ya kuhifadhia betri.

MWANDISHI: Hilo naliandika.

Hukumu

Nimewasikiliza wote, na sikubaliani na wanaosema kila mmoja ana ukweli wake tukaishia hapo. Daftari limetoa majibu.

Dereva alinunua kwa akili. Anafanya kilomita nyingi, karibu zote za mjini, na foleni inayowala wenzake yeye inamlipa. Mzee naye hajakosea, na foleni za vituo vya gesi zikifupika atakuwa amewashinda wote. Mwenye Ist inayokwenda vizuri asiiuze akimbilie haibridi kabla hajapima mtungi. Mwalimu akitaka utulivu anunue Aqua kwa ajili ya utulivu, lakini kwa kilomita 600 asiitarajie impunguzie gharama. Mipaka naiweka hivi, kwa namba za Mhasibu: chini ya kilomita 1,000 kwa mwezi, gari dogo la kawaida linatosha, maana faida ya haibridi, ikiwepo, itakuchukua zaidi ya miaka 10 kurudisha tofauti ya bei. Ukifika 2,000, nyingi zikiwa za mjini, inarudi ndani ya kama miaka miwili na nusu, na hapo haibridi ni chaguo la biashara.

Kwa serikali nina ombi moja. Sehemu ya ushuru wa uchakavu wa magari haya itengwe kwa ajili ya kukusanya na kuchakata betri zake, kabla turubai za gereji hazijajaa.

Kwa mnunuzi, kabla hujalipa: andika kilomita na lita zako kwa mwezi mzima, kwa sababu wengi wetu hatuzijui. Mlipe fundi mwenye mashine asome hali ya kila kipande cha betri, mbele yako. Fungua tundu la feni ulione vumbi lake. Uliza mwaka wa kutengenezwa kabla ya kuuliza rangi. Na kama huwezi kutenga fedha ya betri kuanzia mwezi wa kwanza, usinunue haibridi.